Tona ya uso kwa mwanaume anayenyoa ndevu kila siku: uzoefu wangu

Tona ya uso, yale maji ya kupaka au kupangusia uso baada ya kunawa na kabla ya losheni, si kitu cha lazima kwa kila mtu. Mwenye ngozi tulivu, anayenawa kwa sabuni ya uso isiyo kali kisha akapaka losheni yake, anaweza kuishi bila tona na asipungukiwe na lolote. Lakini mimi nanyoa ndevu karibu kila siku ya kazi, na tona isiyo na alkoholi imenifaa kuliko chochote nilichowahi kupakwa au kujipaka baada ya wembe. Naandika haya kwa sababu wanaume hawaambiwi habari hizi. Rafu za tona madukani zimepangwa kwa ajili ya akina dada, wahudumu wanakuuliza kama unamnunulia mke, na sisi tunaachiwa spiriti ya kinyozi.

Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa katikati ya jiji la Nairobi. Kanuni ya idara yetu ni suti, tai na kidevu safi. Ndevu zangu, kama za wanaume wengi weusi, zimejikunja. Unywele wa aina hii ukikatwa kwa wembe hubaki na ncha kali, na unapoanza kuota tena hujipinda ukarudi kuichoma ngozi pale pale ulipotoka. Wakati mwingine wembe huuvuta na kuukata chini kabisa, kisha ncha ile hutoboa kwa ndani hata kabla haijatokeza nje. Mwili nao unaupokea unywele huo kama mwiba. Panavimba, panawasha, kinatokea kipele, pengine na usaha, na kikipona kinaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Shingo yangu, hasa chini ya taya, ilikuwa imejaa vipele hivyo na madoa yake. Kola ya shati inapita hapo hapo kuanzia alfajiri mpaka zamu iishe.

Vinyozi wengi wa mtaani wana jibu moja kwa tatizo hili. Akishamaliza kukunyoa, anakubandika taulo la moto, anakupangusa, halafu anachukua ile chupa ya spiriti na kukupulizia shingoni. Unakaza meno. Yeye anakwambia, "Vumilia kidogo mkubwa, inafunga matundu." Nimeambiwa hivyo tangu nilipoanza kuota ndevu, na kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti anaamini kwamba ikichoma ndiyo inafanya kazi.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanisikilize. Vitundu vya ngozi havina misuli. Havifunguki kwa taulo la moto wala havifungwi kwa spiriti. Ule mkazo unaouhisi ni ngozi kukauka, maana spiriti inaporuka hewani inaondoka na unyevu, na inayeyusha yale mafuta membamba yanayoikinga ngozi isipoteze maji. Sikatai kwamba inaua viini. Inaua kweli, na ndiyo maana mahali pake ni kwenye meno ya mashine kabla haijagusa kichwa cha mteja mwingine, kwa sababu punye na magonjwa mengine ya ngozi husambazwa na mashine isiyosafishwa. Ukimwona kinyozi anaisugua mashine yake kwa spiriti, mshukuru na umrudie. Lakini kumwagia spiriti ngozi iliyokwaruzwa na wembe muda huo huo ni kuitonesha. Panawaka, panakuwa pekundu au peusi zaidi, na ngozi iliyokauka inakakamaa juu ya unywele unaotafuta njia ya kutoka. Mchomo hauthibitishi kitu.

Tona za zamani nazo zilikuwa binamu za spiriti. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mwingi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya uso yenyewe huwa na uchachu mdogo, karibu na 5. Watu walinawa kwa sabuni ile ikaacha utando, na tona ikaja kuutoa utando na kuirudisha ngozi kwenye hali yake. Nyingi zilitengenezwa kwa alkoholi ili mtu ahisi amesafika. Siku hizi sabuni za uso zilizo laini ni nyingi, na ngozi yenyewe hujirekebisha baada ya muda, kwa hiyo madaktari wengi wa ngozi hawaiweki tona kwenye orodha ya lazima. Tona ya kisasa hasa ni maji yaliyobeba kitu, na swali la kuuliza dukani ni yamebeba nini. Kuna zinazobeba viungo vya kuvuta na kushika unyevu, kama glisarini, pantenoli na asidi ya hailuroniki. Kuna zinazobeba asidi za kulegeza ngozi iliyokufa, kama glaikoliki na salisiliki. Na zile za alkoholi bado zipo, zimepangwa rafu moja na nyingine zote.

Mojawapo ya hizo ndiyo iliyoingia nyumbani kwetu kwanza. Sitaitaja. Kwa mbele imeandikwa kwamba ni ya kuburudisha ngozi, na ukiigeuza unakuta viungo vimeorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na cha pili baada ya maji ni Alcohol Denat., yaani alkoholi. Haikuwa na tofauti na spiriti ya kinyozi ila harufu ya limau. Baada ya kunyoa iliniwasha mpaka machozi, na ilipofika saa nne asubuhi uso ulikuwa umepauka nikiwa mbele ya wageni. Tangu hapo nasoma nyuma ya chupa kabla ya kusoma mbele. Ikiwa neno hilo liko kwenye viungo vitatu au vinne vya mwanzo, narudisha chupa kwenye rafu.

Iliyofuata ni Simple Kind to Skin Soothing Facial Toner, chupa ya mililita 200, ambayo inapatikana katika supamaketi kubwa na kemisti nyingi za jijini. Haina alkoholi, ina pantenoli na kamomaili, na haina manukato ya kunisumbua pua saa kumi na moja alfajiri. Nilinunua kwa shilingi 1,150. Naitumia hivi: nikishamaliza kunyoa nasuuza kwa maji ya vuguvugu, napapasa uso kwa taulo safi bila kusugua, namimina tona kidogo kiganjani, naibandika taratibu kwenye mashavu, kidevu na shingo, na kabla haijakauka kabisa napaka losheni juu yake. Kitendo hicho cha mwisho watu wengi wanakiruka. Glisarini na wenzake huvuta maji, lakini hewa ikiwa kavu maji hayo yanaondoka tena usipoyafunika kwa losheni au mafuta. Januari na Februari hapa Nairobi hewa hukauka sana, na Julai ile baridi ya asubuhi huupausha uso kabla hujafika stendi. Ukipaka tona peke yake katika miezi hiyo utarudi kusema tona haina kazi.

Sikuhisi chochote siku ya kwanza, na hilo ndilo lililonifurahisha. Hakuna kuchoma, hakuna kukaza meno. Baada ya majuma kadhaa shingo iliacha kuwaka baada ya wembe, na ile hali ya ngozi kukakamaa chini ya kola ikapungua sana. Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza kwamba nimeacha kujikuna nikitazama habari za saa moja. Vipele vyenyewe, hata hivyo, havikuisha kwa tona hii, na atakayekwambia tona ya kutuliza ngozi inamaliza vipele vya ndevu anataka pesa zako. Inatuliza ngozi iliyokwaruzwa na kuipa unyevu. Ni kazi ndogo, na inaifanya vizuri.

Kuna faida nyingine ambayo wakazi wa mitaa yenye mgao wa maji wataielewa. Mimi naishi Umoja. Maji ya bomba yakikatika tunanunua mitungi kwa wenye mikokoteni, na mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvichumvi. Ukinawa uso kwa maji hayo unabaki umekakamaa hata kama sabuni ni nzuri, na juu ya ngozi panabaki utando mweupe hasa pembeni mwa pua. Siku kama hizo siimimini tona kiganjani. Naloweka kipande cha pamba na kupangusa uso mzima taratibu, kisha napaka losheni. Kwa wakaaji wa Nairobi wanaotegemea visima, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuwa na chupa ya tona kwenye rafu ya bafu.

Vipele vilianza kupungua nilipoongeza tona ya pili, The Ordinary ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 7, chupa ya mililita 240. Hii ni bidhaa ya aina nyingine kabisa na haifai kuchanganywa akilini na ile ya Simple. Asidi ya glaikoliki hulegeza gundi inayoshikanisha chembe za ngozi zilizokufa, ili zidondoke zenyewe bila kusuguliwa. Kwa mwenye ndevu zilizojikunja maana yake ni kwamba ule utando unaouzuia unywele kutoka unakuwa mwembamba, na unywele unapata njia. Madoa meusi nayo hufifia polepole kadiri ngozi ya juu inavyobadilika. Kwenye shingo yangu ilichukua miezi, si wiki, kabla sijaweza kusema kwa uhakika kwamba kuna tofauti. Sasa chini ya taya pamelainika, na vipele vipya ni vya hapa na pale.

Maelekezo ya watengenezaji ni kuitumia usiku, si zaidi ya mara moja kwa siku, na kutoipaka kwenye ngozi iliyochubuka, inayobanduka au nyepesi kudhurika. Kwa mnyoaji, hilo la mwisho ndilo la kushikilia. Ngozi iliyotoka kunyolewa imechubuka hata kama huoni damu. Kwa hiyo siipaki asubuhi ya wembe hata siku moja. Naipaka usiku wa kuamkia siku ninayopumzika, na usiku mwingine mmoja katikati ya wiki ikiwa ngozi imetulia. Inatosha.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona nayo inawasha kidogo, na wewe umesema mchomo si kazi? Ni kweli, kwa muda mfupi unahisi kama mchonyoto mdogo, kwa kuwa pH yake ni ya chini, takriban 3.6. Lakini kuna usiku ambao sihisi chochote na inafanya kazi ile ile. Ikiendelea kuwaka, au ngozi ikianza kuvimba, isuuze kwa maji mengi na uiache hadi ngozi ipone. Usiivumilie kama tulivyofundishwa kuivumilia spiriti.

Halafu kuna jua. Asidi za jamii ya glaikoliki huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inashauri mtumiaji ajikinge na jua wakati anapozitumia na kwa wiki moja baada ya kuacha. Nairobi iko karibu na ikweta na iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hivyo miale inatufikia kwa nguvu hata siku ambazo hali ya hewa ni ya ubaridi na mtu anadhani hakuna jua. Mimi napaka losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) ya 30 au zaidi kila asubuhi, shingo ikiwemo. Watu hudhani ngozi nyeusi haihitaji kinga. Saratani ya ngozi kwetu ni nadra kuliko kwa weupe, hilo ni kweli, lakini doa lililoachwa na kipele likipigwa na jua linakolea zaidi. Unatumia pesa kulifuta usiku, kisha unalikoleza mchana ukiwa kwenye foleni ya matatu. Kama huna bajeti ya losheni ya kukinga jua, basi usinunue tona ya asidi. Nunua ile ya kutuliza tu, au usinunue kabisa.

Lazima niseme pia kwamba tona haikufanya kazi hii peke yake. Niliacha wembe wa makali matano nikatumia wa makali mamoja, nanyoa kufuata upande ndevu zinakoelekea, na siivuti ngozi wakati wa kunyoa. Wikendi napitisha mashine inayoacha ndevu fupi badala ya kuzifyeka mpaka chini. Anayeendelea kukwangua ndevu kinyumenyume na kutumaini tona itamwokoa atasikitika.

Kuhusu mahali pa kununua, nina maneno makali kidogo. Vibanda vya vipodozi vya mjini, kuanzia River Road mpaka Dubois Road, vina bei nzuri na vingi vinauza mali halali. Lakini bandia zipo. Nimeshaonyeshwa chupa ya tona ya asidi kwa bei ya chini ya theluthi moja ya ile niliyolipa, ikinukia manukato wakati halisi haina manukato, na herufi kwenye lebo zimefifia. Asidi ambayo hujui nguvu yake haifai kuwekwa usoni. Tazama namba ya toleo chini ya chupa na kwenye boksi kama zinafanana, angalia kama mfuniko ulikuwa umefungwa, na utafute stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Namba iliyo kwenye stika unaweza kuihakikisha kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Muuzaji mkweli hakasiriki ukisimama pale unatuma ujumbe.

Jambo hili ni zito zaidi kwa tona zinazodai kutakatisha au kung'arisha. Mwanaume mwenye shingo yenye madoa ni mteja rahisi sana wa bidhaa hizo, kwa sababu anataka doa liondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na bado zinapenya sokoni. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu inaweza kuiacha ngozi na weusi wa kudumu, mbaya kuliko doa uliloanza nalo. Chupa isiyo na orodha ya viungo, inayoahidi weupe kwa siku chache, iache hapo hapo hata ukipewa bure. Ukitaka msaada wa madoa ulio salama, tafuta niasinamaidi, aina ya vitamini B3, kwenye orodha ya viungo. Ni ya polepole lakini ngozi nyingi huipokea vizuri.

Mwenzangu kazini, mama mtu mzima kutoka Mombasa, anasema haya yote ya chupa za madukani ni hangaiko, kwao Pwani wanajipangusa kwa maji ya waridi tangu enzi za bibi zake. Namheshimu, na nilijaribu chupa aliyoniletea. Ni laini, harufu yake ni tamu, na kama ni maji ya waridi matupu bila alkoholi wala manukato ya kuongezwa, hayana ubaya wowote kwa ngozi isiyo na tatizo. Kwa shingo ya mnyoaji sikuona yakifanya zaidi ya maji safi. Na mengi yanayouzwa kwa jina hilo hapa Nairobi ni maji yaliyotiwa manukato, ambayo ngozi iliyochubuka huyakataa upesi.

Kwa upande wa gharama, chupa ya Simple inanisogeza karibu miezi mitatu kwa kuwa natumia kiganja, si pamba, siku nyingi. Ile ya glaikoliki niliipata kwa shilingi 2,800 na inakaa muda mrefu zaidi kwa sababu naitumia usiku michache tu. Kama mfuko unaruhusu moja peke yake, chukua ya kutuliza kwanza na ubadilishe wembe wako. Watu wengi hawatahitaji ya pili.

Na kuna wasiopaswa kuanza na tona hata kidogo. Ukiwa na vipele vyenye usaha vinavyorudi kila wiki, ukiwa na vinundu vigumu kisogoni au chini ya taya vinavyozidi kukua, au ikiwa kila kidonda chako huacha kovu linalovimba kupita ukubwa wa kidonda chenyewe, nenda kliniki ya ngozi kabla hujapaka chochote, na wembe uuweke pembeni mpaka umwone daktari. Makovu ya namna hiyo hayayeyushwi na asidi ya asilimia 7, na ukiyachokoza yanaongezeka. Mwombe daktari akuandikie barua ya kumpelekea mwajiri ili uruhusiwe kuacha ndevu fupi. Mwenzetu wa zamu ya usiku alifanya hivyo, na wasimamizi walimkubalia bila maneno mengi.